Barua kwa mwanangu: samaki walio chini ya barafu

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, na picha uliyopigwa ukiwa umesimama juu ya ziwa Kallavesi imekwisha kuzunguka nusu ya mtaa. Mama yako anataka kujua tu kama barafu hiyo haiwezi kupasuka. Wewe umeniuliza jambo gumu zaidi: iweje huko Kuopio, Ufini, ziwa ligande hadi watu watembee juu yake, na bado yule mzee aliyetoboa tundu akavua samaki mzima mbele ya macho yako, ilhali ziwa letu Tanganyika lisilojua barafu halina samaki katika sehemu kubwa ya kina chake?

Nilifundisha kemia miaka mingi, na nakiri kwamba niliwakaririsha wanafunzi kuwa densiti ya maji, yaani uzito wake kwa ujazo uleule, ni kubwa kabisa kwenye nyuzijoto 4 bila kuwaambia jambo hilo linamfaa nani. Acha nilipe deni hilo kwako.

Unaikumbuka chupa ya mawese iliyokaa dirishani jikoni. Asubuhi za baridi za mwezi wa saba, mafuta yaliyoganda yalikuwa yakituama chini na yale yasiyoganda yakibaki juu, hata mama yako akalazimika kuianika chupa juani kabla ya kupika. Vitu vingi hufanya hivyo: vikipoa hujibana, na sehemu iliyoganda huzama. Maji hayafuati desturi hiyo, na sababu imo katika umbo la molekuli yake.

Atomi mbili za haidrojeni hazikujipanga na oksijeni katika mstari ulionyooka, bali zimekaa kwa pembe ya nyuzi 104.5 hivi, na kwa kuwa oksijeni huvutia elektroni kwake kwa nguvu, upande wake huwa na chaji hasi kidogo na upande wa haidrojeni huwa na chaji chanya kidogo. Basi haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya jirani yake, na mvuto huo ndio tunaouita kifungo cha haidrojeni. Kimoja peke yake ni dhaifu, nacho katika maji ya kawaida hufungika na kufunguka upesi mno, lakini vikiwa vingi ndivyo vinavyoyafanya maji yachelewe kupata joto na yachelewe kulipoteza. Maji yanapoganda, kila molekuli hushikwa na jirani wanne katika mpangilio wenye nafasi tupu nyingi, mithili ya sega la nyuki. Kwa hiyo kipande cha barafu cha sentimita moja ya ujazo kina gramu 0.92 tu, wakati maji ya ujazo huohuo yana gramu 1, na barafu huelea.

Sasa tazama yanayotokea ziwani kwenu kabla ya theluji. Maji ya juu yanapopoa wakati wa vuli, huwa mazito na kushuka, mpaka ziwa zima linapofikia karibu na nyuzijoto 4. Hapo maji ya juu na ya chini yana uzito mmoja, na upepo huweza kuyakoroga yote, ukipeleka oksijeni hadi sakafuni. Yakipoa zaidi ya hapo, vifungo vile huanza kuyatanua, nayo hubaki juu yakiwa mepesi na kuganda hukohuko. Barafu hiyo huwa kama blanketi, na samaki hukaa chini yake na akiba ya hewa iliyoshushwa wakati wa vuli. Akiba hiyo ni kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu lita moja ya maji ya nyuzijoto 0 hubeba hadi miligramu 14 na zaidi za oksijeni, lakini kwenye nyuzijoto 25 hubeba 8 tu. Isitoshe, mwili wa samaki katika baridi huenda polepole na kutumia hewa kidogo. (Katika vidimbwi vya kina kifupi akiba huweza kwisha kabla barafu haijayeyuka, na samaki wakafa, kwa hiyo blanketi hilo si la bure.) Majira ya kuchipua yakifika, ziwa hukorogwa tena.

Ziwa letu halipati nafasi hiyo. Maji yake ya juu yana joto la nyuzi 24 hadi 28, na ya chini kabisa ni kama nyuzi 23 na kitu, mwaka mzima. Utasema tofauti hiyo ni ndogo, nami ningesema hivyo kama si densiti: katika joto kama letu, tofauti ya nyuzi mbili hutenganisha uzito wa maji zaidi ya mara kumi kuliko nyuzi mbili zilezile zinavyofanya karibu na 4. Maji ya juu hukaa juu ya yale ya chini kama mafuta kwenye mchuzi, na upepo hauna nguvu ya kuvuruga kina cha mita 1,470. Oksijeni, ambayo kwa kuwa haina pande za chaji huyeyuka kwa shida tu ndani ya maji, hufika mita 100 hivi upande wa kaskazini na 200 hivi upande wa kusini. Kila kinachokufa juu huzama huko gizani, bakteria wakakiozesha na kumaliza hewa iliyokuwepo, na badala yake kukawa na haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Hata mvuvi angekuwa na wavu wa kufika mita 500, ungepanda mtupu.

Lakini usilione eneo hilo kuwa kaburi tu. Maji ni kiyeyushi kikubwa cha vitu vyenye chaji, hivyo fosfeti na chumvi za naitrojeni zitokanazo na mabaki hayo zimeyeyuka huko chini zikisubiri. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, upepo wa kusini mashariki husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji ya kina hupanda yakiwa na mbolea hiyo. Mwani hustawi, vijidudu hula mwani, dagaa hula vijidudu, na migebuka huwala dagaa. Tafiti mbili zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kuwa maji ya juu yamepata joto kuliko ya chini, na kwamba kupanda huko kwa mbolea kumepungua. Wavuvi hapa wanapolalamika kuwa dagaa wamepungua, wengi hulaumu nyavu za matundu madogo, na kweli lawama hiyo ina msingi, lakini sioni wakiutaja huo mfuniko wa maji ya moto.

Ukirudi kwa yule mzee, muombe ushushe kipimajoto kwa kamba kupitia tundu lake, kwanza chini tu ya barafu, kisha hadi sakafuni, uniandikie namba zote mbili. Natarajia ya sakafuni iwe kubwa.

Mama yako anakusalimu, na anasema uvae soksi mbili.

Baba yako