Maswali na Majibu: Mtumishi yuko ugenini na nchi imechafuka

Barua nyingi za safari hii zimetoka Tanga na Bagamoyo, na karibu zote zinauliza jambo moja: mtu wetu yuko nje kwa kazi ya Injili, na huko aliko kumechafuka. Tumechagua nne.

Tumsifu Yesu Kristo. Binti yangu ni sista, muuguzi, mashariki ya Congo. Simu yake isipopatikana siku mbili mimi silali. Nifanye nini zaidi ya kupiga na kupiga?
*Mama wa Chumbageni, Tanga*

Milele amina, mama. Simu kutopatikana si lazima iwe habari mbaya. Waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, umeme, maji na intaneti vilikatika na uwanja wa ndege ukafungwa. Wengi walikuwa hai ndani ya nyumba zao, simu tu ndizo zimeisha chaji. Mnara wa simu nao hutegemea jenereta umeme ukikatika. Dizeli ikiisha, kimya.

Panga naye sasa, wakati laini zinafanya kazi. Awe na nyakati mbili maalumu kwa siku, mkikumbuka kwamba Goma iko nyuma ya Tanga kwa saa moja: saa mbili usiku kwako ni saa moja kwake. Atume ujumbe mfupi wa kawaida, si wa WhatsApp, kwa sababu ujumbe wa kawaida hupenya hata mtandao ukiwa dhaifu. Neno moja linatosha, mradi mmekubaliana maana yake. Na apokee simu ya mtu mmoja tu wa familia. Ndugu kumi na wawili wakimpigia usiku mmoja, wanamaliza chaji ambayo angeihitaji alfajiri.

Akikosa nyakati zote mbili, mpigie mkuu wa shirika lake hapa nchini. Zikipita siku mbili bila yeyote kumpata, nenda Wizara ya Mambo ya Nje ukiwa na jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, na mahali halisi alipoonekana mara ya mwisho. Ubalozi wetu uko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Goma, kwa hiyo “yuko Congo” haiwasaidii kitu. Na tafadhali, mama, kwenye kundi la maombi msiandike yuko nyumba gani wala anapitia njia ipi. Mungu anapajua bila ninyi kupaandika.

Bwana Yesu asifiwe. Kanisa linanituma kaskazini mwa Msumbiji. Nibebe nini endapo itabidi niondoke kwa haraka?
*Mwinjilisti, Muheza*

Amina. Begi moja la mgongoni, lisizidi kilo kumi, kwa sababu huenda ukalibeba kwa miguu. Likae karibu na kitanda, si kabatini.

Ndani weka pasipoti, kibali cha kuishi na kadi ya chanjo, pamoja na nakala mbili mbili, moja ikae mwilini. Barua ya utambulisho iwe ya Kireno, yenye muhuri wa kanisa la huko. Askari wa kizuizi cha barabarani hasomi Kiswahili cha Muheza. Fedha uzigawe mahali patatu: meticais za nauli, na dola za noti ndogo, safi, zisizochanika, maana iliyochanika hukataliwa. Dawa mseto ya malaria, dozi moja ya mtu mzima ni vidonge 24, yaani vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu. Ongeza pakiti sita za chumvichumvi za kuharisha, kila moja kwa lita moja ya maji safi, na dawa zako za kila siku za mwezi mzima. Tochi, betri ya kuchajia simu, maji lita mbili, shuka, viatu vya kufunga.

Usibebe nguo ya mabaka, buti za kijeshi, darubini wala droni. Safisha simu: picha za askari na makundi ya siasa vitoke kabla hujavuka Ruvuma. Kizuizini usiku, washa taa ya ndani ya gari, zima taa kubwa za mbele, mikono juu ya usukani, usitie mkono mfukoni kabla hujaambiwa. Salimia kwanza.

Jambo ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa ni lugha. Katika vita ya Cabo Delgado, mkoa wa huko kaskazini, iliyoanza Oktoba 2017, wamo wapiganaji waliotoka upande wetu na wanaosema Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili chako, kinachokufungulia milango Tanga nzima, huko kinaweza kukutia mashakani. Jifunze Kireno cha kujieleza kabla ya kusafiri: jina, kanisa, kazi, uendako.

Mmisionari akikimbia vurugu, je, si amekosa imani? Wa zamani hapa kwetu walibaki.
*Msomaji wa Dunda, Bagamoyo*

Swali lako ni zito na tunalijibu kwa heshima. Bwana aliwaambia mitume kwamba wakifukuzwa mji mmoja wakimbilie mwingine (Mathayo 10:23), na Paulo alitoka Damasko usiku ndani ya kapu (Matendo 9:25). Kuondoka si kukana.

Ama hao wa zamani, tuwatazame vizuri. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Vita ya Bushiri, ya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, ilipowaka mwaka 1888 walikuwa wameshakaa miaka 20, wanajulikana kwa majina, na misheni yao ikawa kimbilio la watu wengi. Padre Etienne Baur aliweza kuzungumza na pande zote mbili. Wabenediktini wa Pugu, Wajerumani, walikuwa hawajamaliza hata mwaka mmoja pale. Januari 1889 walishambuliwa, watatu wakauawa, wengine wakatekwa, na mapadre wa Bagamoyo ndio waliosaidia kuwakomboa. Sisi hatuoni kwamba Pugu ilipungukiwa imani. Tunaona kwamba Bagamoyo ilikuwa na majirani.

Kwa hiyo kubaki au kuondoka kuamuliwe kabla, kwa maandishi, mkiwaita wenyeji mezani. Andikeni dalili za kuondoka: benki kufungwa, wafanyabiashara kuhamisha familia, shule kukosa watoto kwa siku kadhaa. Mkuu anaweza kumwamuru mtu aondoke. Asimwamuru yeyote abaki. Na wanaoondoka wawaachie makatekista mshahara wa miezi mitatu, funguo, na picha za daftari la ubatizo. Kinachowauma waumini kuliko kuondoka kwenyewe ni kuamka asubuhi na kukuta geti wazi na hakuna aliyewaaga.

Kaka yangu ni padre nchi jirani. Watu 300 wamekimbilia parokiani usiku. Tumsaidie kwa hesabu gani?
*Msomaji, Pongwe, Tanga*

Kwa mtu mmoja kwa siku: unga gramu 400, maharage gramu 60, mafuta gramu 25, chumvi gramu 5. Kwa watu 300 ni kilo 120 za unga, kilo 18 za maharage, mafuta kama lita 8, chumvi kilo moja na nusu. Maji lita 15 kila mmoja, yaani lita 4,500 kwa siku, na hapo ndipo wengi hukwama. Atafute matanki kabla ya magunia. Vyoo vya kuanzia ni sita, kimoja kwa watu 50, mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Wakikaa wiki kadhaa afikishe 15.

Silaha zisiingie getini, hata za askari wanaosema wamekuja kulinda. Bunduki moja ndani ya uzio inaugeuza uwanja wa kanisa kuwa shabaha. Mgawo uandikwe kwa jina la mkuu wa kaya na idadi ya watu, basi. Kabila lisiandikwe, wala kijiji alichotoka mtu, kwa sababu siku uzio ukivunjwa daftari hilo linageuka orodha ya kuwatafuta. Lisilale ofisini. Alale nalo mtu mmoja, na wa pili ajue ni nani.