Usiibe Volti 12 Kwenye Betri Moja ya Lori

Juzi kijana mmoja wa njia ya Juba ameniandikia: "Mzee, nimepata redio ya CB ya volti 12, lori langu ni la 24. Si nichukue tu umeme kwenye betri moja?" CB ni ile redio ya kuongea lori kwa lori, na hizo 24 za lori ni betri mbili za volti 12 zilizoungwa moja baada ya nyingine. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Ujanja huohuo ulinilia mshahara wa mwezi mzima.

Tulikuwa malori matatu, Kampala hadi Juba. Ukivuka Karuma simu hukamata inapotaka yenyewe, tukaona tufunge redio ili wa mbele amwonye wa nyuma: shimo, ng'ombe, lori lililolala. Chaneli 40, wati 4, mnaongea kilomita kadhaa bila kununua muda wa maongezi. Mimi nikajifanya fundi. Nikaunga waya kwenye ile betri ambayo ncha yake ya hasi imeungwa kwenye chasi, nikapata 12 zangu bila kutoa hata shilingi. Redio ikalia safi. Nikawafungia na wenzangu, bure, kichwa kimevimba. Utingo wangu naye akaning'iniza chaja ya simu hapohapo.

Wiki ya sita, mpakani Elegu, alfajiri, foleni imeanza kusogea. Nageuza ufunguo: tak, tak, tak. Mshale kwenye dashibodi unasoma 24. Nyuma honi, na matusi kwa lugha nne. Nyingine sizijui lakini nilielewa. Fundi akaja na mita, akapima betri moja moja. Iliyonyonywa, 11.3. Mwenzake, 13. Jumlisha uone kwa nini dashibodi ilinidanganya. Kufungua vifuniko vya ile ya pili, maji yamekauka hadi sahani zinaonekana.

Alterneta huzijaza zote mbili kana kwamba ni betri moja. Ukinyonya moja, hiyo haishibi kamwe, na ya pili inalishwa hadi inachemka. Tajiri hakutaka somo hilo. Alikata pesa ya betri mbili. Na waliokuwa wa kwanza kunicheka ni walewale niliowafungia bure. Sijasahau.

Basi nunua kipunguza volti, cha kutoa 24 hadi 12. Cha ampea 10 kinatosha na kubaki, maana redio ya CB ukiongea haili hata ampea 3. Kilishe 24 kamili, kutoka ncha mbili za mwisho za betri zote, si pale katikati zinapoungana. Fyuzi ikae karibu na betri. Waya ukichubuka pale unapopenya bati kuingia kabini, fyuzi iliyo nyuma ya redio haitakusaidia kitu. Kile cha bei ya kutupa kiache: changu cha kwanza kilifanya redio ipige kelele kama inakaanga samaki kutoka Luweero hadi Gulu. Habari ya kibali waulizeni UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, kabla hamjafunga.

Lakini nyinyi vijana tatizo lenu si waya. Mnataka kitu kiwake leo, kesho ni ya mwenye lori. Mtu ananunua viatu vya laki mbili halafu kipunguza volti anakiona ghali! Narudia: usiguse betri moja.

Nilimjibu hivyo kijana wangu. Akarudisha: "Mzee, nimeshaunga tangu mwezi jana." Nimemwambia apime kila betri peke yake leo jioni, anitumie namba zote mbili.