Mfuatano wa mipigo katika hanzi, na pale unapowaponza wanaojifunza

Umeuliza kama kuna haja ya kufuata mfuatano ikiwa hanzi (alama ya maandishi ya Kichina) ikimalizika inaonekana ileile. Haionekani ileile. Kalamu huacha alama ya njia iliyopita, na mwandiko wa haraka, ambamo mipigo huungana, husomeka kwa njia hiyo tu.

Mpigo mmoja ni mwendo wa kalamu tangu iguse karatasi hadi iinuliwe. 口 ina mipigo 3, si 4: wa kwanza unashuka kushoto, wa pili unakwenda kulia, unakunja kona na kushuka bila kuinua kalamu, wa tatu unafunga chini. Anayehesabu 4 atapotea pia kwenye kamusi za karatasi, maana faharasa zake za kutafutia hanzi kwa umbo hupangwa kwa hesabu ya mipigo.

Kanuni za jumla huzoeleka upesi: mlalo kabla ya wima (十), mshazari wa kushoto kabla ya wa kulia (人), juu kwenda chini (三), kushoto kwenda kulia (你), katikati kabla ya pembeni (小). Kwenye 国 walimu wa Kichina husema watu waingie kwanza, ndipo mlango ufungwe: pande tatu, kisha 玉, mstari wa chini mwisho. Ukifunga mapema, 玉 itabanwa.

Shida iko kwenye hanzi zinazokwepa kanuni hizo. 火 huanza na mipigo miwili mifupi ya pembeni, ndipo 人. 女 humaliza kwa mlalo, ingawa mkono hutaka kuanza nao. 九 huanza na mshazari, lakini 力 huanza na kona (mpigo unaokunja). 忄 ni nukta, nukta, kisha wima. 区 ni mlalo wa juu, vya ndani, halafu ubavu na kitako kwa mpigo mmoja. Kwenye 这 andika 文 kwanza, 辶 mwisho. Ila kwenye 起 na 题 huanza 走 na 是, ambazo zenyewe ni hanzi kamili.

Sehemu ninayoona inafundishwa kijuujuu mno ni hii: kipande kikihamia kushoto, mpigo wake wa mwisho hubadilika. 土 ndani ya 地 haimalizi kwa mlalo bali kwa mpigo unaopanda kulia, kwa sababu kalamu inaelekea kipande kinachofuata. Wakati mwingine hata mfuatano hubadilika. 牛 ikiwa peke yake ni mshazari, mlalo, mlalo, wima. Kwenye 物 inakuwa mshazari, mlalo, wima, kisha mpigo wa kupanda. 车 nayo hufanya hivyohivyo ndani ya 轮. Ukilielewa hili, hutahitaji kukariri kila hanzi upya.

Chunguza programu unayotumia imefuata nchi gani. Japani huandika 田, 王 na 右 kwa mfuatano tofauti na China bara. Kiwango cha China kinachotumika sasa kilianza tarehe 1 Machi 2021 na kinahusu hanzi 8105.

Kwa mazoezi, chukua daftari la hesabu la visanduku. Visanduku vinne pamoja ni 田 tayari, ndiyo karatasi ya mazoezi ya Wachina. Andika hanzi moja mara 5 kwa ukubwa huo, ukitaja kila mpigo kwa sauti, kisha funika na uandike kwa kumbukumbu. Kunakili mara 50 huku unatazama kielelezo kunazoeza macho tu, na kosa la kwanza linarudiwa mara 50.

Kisha jipime kwa kibodi ya mipigo ya simu (bihua). Ina vitufe vitano: mlalo 1, wima 2, mshazari wa kushoto 3, nukta 4, kona 5. Mpigo wa kupanda huhesabiwa mlalo, mshazari wa kulia huhesabiwa nukta, na wima wenye kindoano hubaki wima. 女 ni 531. 我 ni 3121534: nukta ya juu kulia huja mwisho kabisa, na mpigo wa nne unapanda, wengi huushusha. Ukimaliza hizo jaribu 必, ambayo hata Wachina wenyewe huikosea: 45434.