Usimpeleke mtoto Januari kabla hujaona ameandikwaje NEMIS (mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi)

Dada, simama hapo hapo. Umeuliza kama umhamishie mtoto wako mwenye mahitaji maalum shule mpya, na unasema mwalimu mkuu wa huko amekwambia "mlete tu Januari, karatasi zitafuata", na kwa kuwa ripoti ya kliniki ya kibinafsi unayo, na kadi ya NCPWD, baraza la taifa la watu wenye ulemavu, unayo, basi serikali italeta mtu wa kumsaidia darasani. Tumbo limenikata. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, nikayameza bila maji.

Karatasi hazimfuati mtu. Zinatafutwa.

Kijana wangu ana usonji. Nilikuwa na ripoti ya mshauri mmoja wa kituo cha kibinafsi, imejaladiwa na kurembwa kama kadi ya harusi, na bei yake ndiyo hiyo hiyo ya harusi. Bwana huyo ndiye aliyenihakikishia kwamba nikiwa nayo, EARC, kituo cha serikali cha kupima mahitaji ya kielimu ya watoto, ni foleni ya kupoteza muda, eti kule huenda wasio na uwezo. Mungu anamwona. Anayempima mtoto na kupendekeza asomee darasa la kawaida, kitengo maalum (darasa la watoto wenye mahitaji maalum ndani ya shule ya kawaida) au shule maalum ni EARC. Ripoti ya daktari unawapelekea iwasaidie, haichukui nafasi ya yao. Kadi ya NCPWD nayo ina kazi zake, lakini kumpangia mtoto shule si mojawapo.

Basi mtoto akaingia shule. Muhula wa kwanza hakuna mwalimu wa elimu maalum, naambiwa nisubiri. Wa pili, nisubiri. Nikawa naandikia TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, barua kali, nataja Ibara ya 54 ya Katiba, ile ya haki za watu wenye ulemavu, utadhani mimi wakili. Mwishowe karani wa shule, mama asiyependa maneno mengi, akanigeuzia kompyuta nijionee rekodi ya NEMIS. Jina la mtoto lipo. Nambari ya cheti cha kuzaliwa ipo. Kwenye mahitaji maalum: hakuna. Mtoto ambaye kengele ikilia anaingia chini ya dawati na kuziba masikio, machoni pa serikali hakuwa na shida yoyote! Nilicheka. Ningefanyaje, nilie mbele ya karani?

Sasa elewa pesa inavyotembea, maana hili hakuna aliyenieleza. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, na mwenye mahitaji maalum huongezewa juu yake. Enzi zangu nyongeza ilikuwa 2,300. Inaingia akaunti ya shule, sio yako, na huhesabiwa kwa majina yaliyo kwenye mfumo. Hutumwa kwa mafungu: nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, asilimia 20 wa tatu. Ukija kurekebisha mambo mwezi wa nane, fungu kubwa limeshapita.

Utaniambia 2,300 ni pesa gani. Kweli, haimlipi mtu hata mwezi mmoja. Lakini majina hayo hayo ndiyo hoja ya shule ikiomba kitengo maalum, au ikiiomba TSC mwalimu aliyesomea elimu maalum. Mwalimu mkuu wangu aliapa kwamba ameomba. Ameombea watoto gani, ikiwa rekodi zake mwenyewe zinasema hana hata mmoja?

Na palipoungua zaidi ni hapa. Yule mtu wa kuketi na mtoto, kumtuliza, kumpeleka chooni, TSC haimwajiri. TSC huajiri walimu. Wasaidizi na walezi wa bwenini ni wa halmashauri ya shule, maana yake pesa ikikosekana ni wewe mzazi. Nilimlipa binti wa watu kutoka mfukoni mwaka mzima nikiamini nitarudishiwa. Na nani? Risiti nilizipanga kwa tarehe, nikazitia kwenye faili. Kama kuna jumba la makumbusho linazitaka, nipo.

Kwa hiyo: HAKUNA RIPOTI YA EARC, HAKUNA KUHAMA. Nenda ofisi ya EARC ya kaunti ndogo yako. Nyingi zimo ndani ya shule za msingi, mwalimu yeyote wa kitengo maalum atakuelekeza. Kama uko karibu na Nairobi, KISE, chuo cha taifa cha elimu maalum, pale Kasarani nao wanapima. Beba cheti cha kuzaliwa, ile ripoti ya kliniki, na madaftari ya mtoto waone anavyoandika. Usitoke bila karatasi yenye muhuri na pendekezo lililoandikwa, sio la mdomo. Nakala ipeleke shuleni, na ukifika usiiache mezani ukaenda zako. Keti na karani mpaka aijaze NEMIS, au huo mfumo mpya unaochukua nafasi yake, na akuonyeshe kwa macho yako. Akisema mtandao umepotea, rudi kesho. Ukipotea tena, rudi keshokutwa. Watakuchukia, watazoea.

Uliuliza pia habari ya bweni na kutwa, na kitu kingine cha usafiri nadhani, hayo wenzangu watakujibu. Wewe kwanza mpigie huyo mwalimu mkuu leo, umuulize kwenye mfumo ana watoto wangapi wenye mahitaji maalum sasa hivi. Akianza kwa kukohoa, rudi hapa utuambie.