Paludariamu ya mbao na kioo: maji yanapopenya

Asubuhi ya siku ya nne baada ya kujaza maji nilikuta dimbwi chini ya meza, limeshafika kwenye zulia. Paludariamu, yaani boksi lenye maji na nchi kavu pamoja, nililijenga mwenyewe: plaiwudi pande tatu na chini, kioo mbele, samaki chini, udongo na mimea juu. Kila kiungo nilikipaka silikoni. Nilipoondoa maji nikaona silikoni imebanduka kwenye mbao kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Silikoni inashika kioo kwa kioo vizuri sana. Mbao ni jambo lingine, kwa sababu inanyonya unyevu, inavimba, kisha inasinyaa, na kila inapocheza inaiachia silikoni kidogo kidogo. Kwa hiyo mbao lazima uivike kwanza koti la faiba lisilopitisha maji.

Aliyenifundisha kuivika ni fundi wa boti za faiba kule Kigamboni. Aliangalia boksi langu, akapitisha kidole kwenye kona ya ndani, akaniambia kona kali namna ile kitambaa cha faiba hakiilalii, kinaacha hewa nyuma yake, na hapo ndipo maji yatakapopitia. Tukachanganya rezini, ule uji wa kiwandani unaoganda ukawa mgumu, na unga wa kujazia, tukazungusha kona zote kwa mgongo wa kijiko. Kisha matabaka mawili ya kitambaa, na rezini juu yake mara tatu, msasa kidogo kila baada ya kukauka. Ukiweza tumia rezini ya epoksi, maana inashika mbao kuliko ya poliesta. Kazi hiyo ifanyie nje na uvae barakoa ya kuzuia mvuke wa rezini. Ikishakauka, iache wiki kadhaa mpaka harufu iishe kabisa, kisha uisuuze. Boksi kama hili hukaa vyura pia, na ngozi ya chura inapitisha maji na hewa, kwa hiyo sumu iliyobaki ndani ya boksi itaingia mwilini mwake.

Kioo kiweke kwa ndani ya fremu, usikibandike kwa nje. Kikiwa ndani, maji yenyewe yanakisukuma kikaegemee fremu. Kikiwa nje, maji yanafanya kazi usiku na mchana kukibandua. Boksi langu lina urefu wa sentimita 100, upana 50, na maji ya kina cha sentimita 25. Hizo ni lita 125, yaani kilo 125 kabla ya mawe na udongo. Meza ya kawaida usiiamini.

Silikoni nunua ile inayonuka siki, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu dawa hiyo inaua samaki. Futa kioo kwa spiriti. Na kama unarekebisha kazi ya zamani, kwangua silikoni yote kwa wembe, usibakize hata utando, kwani silikoni mpya haishiki juu ya iliyokwisha kukauka. Mimi nilipaka juu ya ile ya zamani, nikarudia kazi mara mbili. Subiri wiki nzima kabla ya maji.

Jaribio lifanyie uani. Tandika magazeti makavu chini, jaza maji, funika juu kwa nailoni ili yasipungue kwa joto, kisha ondoka. Siku saba. Gazeti likilowa utaona hasa ni kona ipi.

Baada ya yote hayo, maji yangu yalianza tena kupungua, kama kidole kimoja kila siku mbili, na upande wa nchi kavu ukawa tope. Nilikesha nikitafuta ufa. Hapakuwa na ufa! Makumbi ya nazi niliyoyatumia kama udongo yalikuwa yamegusa maji, yakawa yanayapandisha kama utambi wa kibatari, yanavuka ukingo na kudondokea nje kwa nyuma. Nilitoa kila kitu, nikaweka kokoto chini kwa kina cha sentimita 8, juu yake wavu wa nailoni, ndipo makumbi. Ukingo wa nyuma nikauinua. Tatizo likaisha siku hiyo hiyo.

Ukitaka ukuta wa mapambo wa povu la kopo, lile linalopulizwa likavimba na kuwa gumu, ubandike na uuache ukauke kabla ya maji, kwani povu linaelea na lina nguvu ya kung'oa kila kitu.

Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku mbili klorini itoke. Anza na gapi, samaki wadogo, watatu au wanne tu, maana maji yanahitaji wiki kadhaa kabla bakteria hawajaweza kumaliza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Gapi pia wanakula viluwiluwi vya mbu, na sebuleni hilo si dogo. Mimea na konokono wa mabwawani usivilete, konokono wengine wanabeba kichocho. Na vyura usiende kuwatoa msituni. Chura wa Kihansi, chura mdogo wa maporomoko ya Kihansi hapa Tanzania, alitangazwa kutoweka porini mwaka 2009, na aliokolewa tu kwa sababu karibu 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mwaka 2000 wakatunzwa kwenye matangi yenye ukungu wa maji. Wangu wawili, wadogo kama kucha ya kidole gumba, waliingia wenyewe kutoka kwenye migomba ya uani. Niliwawekea gogo linaloshuka hadi majini, kwa sababu chura asipopata pa kupandia anazama.

Waya wa pampu uache uning'inie chini ya soketi kwanza, ndipo upande, ili tone likiteleza lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.