Kaa uani kwanza: kwa kijana anayetaka kuandika tamthilia na filamu

Vijana wengi hunitumia skripti zao na kuniomba ushauri. Nikisoma kurasa tano za mwanzo, karibu kila mara nakutana na kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya kwa miaka: baba, mtoto, mwenye nyumba na mgambo wote wanaongea kwa sauti moja, nayo ni ya mwandishi.

Mchezo wangu wa kwanza wa jukwaani niliuandika nikiwa na miaka 23. Mhusika mkuu alikuwa mwanamke muuza samaki wa Feri, hapa Dar es Salaam. Nilimpa Kiswahili safi cha darasani, nikajiona nimemheshimu. Siku moja mama mdogo, ambaye ameuza samaki palepale tangu sijaanza shule, alikuja kututazama tukifanya mazoezi. Alisubiri tumalize, akaniita pembeni. "Mwanangu, huyu hajawahi kushika samaki. Sisi hatumwambii mteja kwamba bei ni nafuu. Tunamwambia, chukua baba, watoto wakale." Nilirudi nyumbani nikafuta zaidi ya nusu ya mswada.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma maisha ya August Wilson, mwandishi wa tamthilia, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Pittsburgh mwaka 1945, nikaona kwamba njia hiyohiyo aliipita yeye kabla yangu. Shule aliiacha akiwa na miaka 15, baada ya mwalimu kumtuhumu kwamba insha yake ndefu kuhusu Napoleon hakuiandika yeye. Hakumwambia mama yake. Kila asubuhi alitoka kama anayekwenda darasani, akaenda maktaba ya Carnegie, akajisomea mwenyewe. Mwaka 1965 alinunua mashine ya kupiga chapa kwa dola 20 na kuanza kuandika mashairi. Mtaani kwao, Hill District, kulikuwa na duka la tumbaku walikokutana wazee. Akawa anakaa pale, kijana wa miaka ishirini na kitu, anawasikiliza wanavyobishana.

Hata hivyo, tamthilia zake za mwanzo hazikusimama. Alikuwa anawasikiliza wazee kwa masikio huku moyoni akiamini kwamba lugha yao haitoshi kuwa fasihi, kwa hiyo kwenye karatasi aliwapa lugha nyingine. Alipomuuliza rafiki yake mshairi, Rob Penny, afanye nini ili wahusika wake waongee, aliambiwa asiwaongeleshe, awasikilize. Maneno hayo yalimwingia baadaye sana. Mwaka 1978 alihamia St. Paul, Minnesota, mji wenye watu weusi wachache, na huko mbali ndiko alikoanza kuzisikia vizuri sauti za nyumbani.

Hapo ndipo ninapomsisitizia kijana. Kusikiliza siyo kukaa kijiweni na simu ukirekodi watu kwa siri. Ni kuamini kwamba mama ntilie anayemdai mteja wake tayari anaongea lugha iliyokamilika, yenye mizani yake, vitisho vyake na huruma yake. Ukiamini hivyo, kalamu yako itaacha kuwasahihisha watu.

Tamthilia ya Wilson inayonigusa kuliko zote ni Fences. Inamhusu mzoa taka wa Pittsburgh wa miaka ya 1950, aliyewahi kuwa mchezaji hodari wa besiboli wakati ligi kuu zilipokuwa hazichukui weusi, na uchungu huo anamshushia mwanawe. Yote yanatokea uani. Mimi nimekulia Magomeni, kwenye nyumba ya vyumba sita na wapangaji wa makabila tofauti, na ninajua uani ni mahali gani. Barazani watu husalimiana. Uani ndiko posa inakovunjika, ndiko mke anakopata habari za mke mwenzake, ndiko kodi inakodaiwa huku wengine wakijifanya wanafua. Niliposoma tamthilia ile niliona kama mtu wa mbali kaniandikia nyumba yetu. Tangu hapo kila kijana namwambia: mchezo wako wa kwanza uweke uani, wahusika wasizidi watano. Hutahangaika na lokesheni kumi, kundi dogo litaweza kuuigiza, na wewe utalazimika kuyafanya maneno yabebe mzigo wote.

Kuhusu riziki nitasema kwa kifupi. Wilson alipata kuwa mpishi, na huko Minnesota aliandikia jumba la makumbusho ya sayansi michezo mifupi ya kuelimisha. Alituma kazi zake kwenye kongamano kubwa la waandishi wa tamthilia la O'Neill, akakataliwa zaidi ya mara moja kabla ya kukubaliwa mwaka 1982. Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, aliingia mwaka 1984, karibu anafikisha miaka 40. Mimi nimeandika michezo ya redio kuhusu chandarua na kunawa mikono, na siioni aibu. Redio ilinifundisha kumtambulisha mtu kwa sentensi moja.

Sasa filamu. Skripti ina desturi yake: ukurasa mmoja unakadiriwa kuwa dakika moja kwenye skrini, kwa hiyo kila neno lina gharama. Tulipokuwa tunageuza mchezo wangu mmoja kuwa filamu, mwongozaji aliondoa maneno ya ukurasa mmoja na nusu, ya mke aliyegundua kwamba mumewe ameuza kiwanja chao. Badala yake, yule mke anatoka kimya na kuanika kanga uani: *Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu*. Nilinuna siku mbili. Kisha nikaitazama, nikakubali kwamba kanga imesema yote. Lakini asikudanganye mtu kwamba filamu nzuri ni lazima iwe na maneno machache. Watazamaji wetu wamelelewa na taarabu na vijembe, wanapenda kumsikia mtu akiongea hadi mwisho. Fences ilipofanywa filamu, mazungumzo yake marefu yalibakizwa, nayo ndiyo yaliyoishikilia.

Filamu hiyo ilichelewa mno, na sababu yake inafaa kujulikana. Wilson alishikilia kwamba mwongozaji awe mtu mweusi, anayeyajua maisha yale kutoka ndani. Hakukubali vinginevyo. Alifariki Seattle mwaka 2005 bila kuiona, akiwa ameshakamilisha tamthilia zake kumi, moja kwa kila muongo wa karne ya 20, na ameshapata tuzo ya Pulitzer mara mbili, mwaka 1987 na 1990. Filamu ilitoka mwaka 2016 chini ya Denzel Washington, na skripti aliyoiacha Wilson ikateuliwa kuwania Oscar.

Mimi sikuwa na msimamo huo nilipouhitaji. Skripti yangu ya pili nilimpa mtayarishaji mmoja kwa maneno ya mdomo, na nusu ya malipo mkononi. Filamu ikatoka, ikauzwa Kariakoo kwa CD, sehemu ya kwanza na ya pili, jina langu halipo popote. Nilipokwenda kudai, sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako tangu unapoiandika, lakini siku ya ugomvi utaulizwa ushahidi. Isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla hujaanza kuisambaza. Halafu mkataba useme wazi: umeuza haki ya kutengeneza filamu moja au na mwendelezo wake, jina lako litaonekana wapi, malipo yanakuja kwa awamu gani, na mswada unarudi kwako lini kama filamu haikutengenezwa. Mtayarishaji akikuambia sisi ni ndugu, mkataba wa nini, mjibu kwa upole kwamba ndugu ndio wanaoandikiana vizuri.

Mchezo ninaouandika sasa una watu wanne na uani mmoja. Jumamosi nitampelekea mama mdogo kurasa za mwanzo. Macho yake siku hizi hayaoni maandishi madogo, kwa hiyo namsomea kwa sauti yeye akipepeta mchele. Ungo ukisimama, ukurasa unabaki. Ukiendelea kupepetwa kama hajasikia kitu, nauandika upya.