Maswali Yenu: Kujiandikisha Kupiga Kura Kabla ya Agosti 2027

SWALI: Nilipoteza kitambulisho, nikapewa karatasi ya kusubiri kingine. Ofisi ya IEBC (tume ya uchaguzi ya Kenya) hapa kwetu wamekataa kunisajili. Wamenionea? – Msomaji, Voi

JIBU: La. Kinachokubalika ni kitambulisho halisi cha taifa au pasipoti ambayo haijaisha muda, basi. Nakala, picha ya simu na karatasi ya kusubiri, hata ikiwa na mhuri, hazifai. Lakini kama ulikuwa umeshajiandikisha kabla ya kukipoteza, tulia: kitambulisho kipya huja na nambari ileile, na jina lako bado limo sajilini. Wanaoumia ni waliojiandikisha kwa kitambulisho kisha siku ya kura wakabeba pasipoti. Stakabadhi uliyosajiliwa nayo ndiyo ya kwenda nayo kituoni. Ile slipu ya kujiandikisha si lazima.

SWALI: Nilijisajili Likoni, sasa naishi Nakuru. Nijiandikishe upya? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Usithubutu! Kujisajili mara mbili ni kosa la jinai. Unachohitaji ni uhamisho. Nenda ofisi ya IEBC ya eneobunge unalohamia, si ulilotoka, ukiwa na stakabadhi uliyojisajili nayo, ujaze fomu ya kuhama na kutaja kituo unachotaka. Taja kituo kwa jina lake kamili; shule mbili zenye majina yanayofanana katika wadi moja zimewapoteza wengi.

Sheria ya Uchaguzi inataka ombi hilo lifike siku 90 au zaidi kabla ya uchaguzi. Kwa kuwa kura ni Agosti 10, 2027, hesabu inaangukia Mei 12. Usajili mpya kisheria hufungwa siku 60 kabla, yaani karibu na Juni 11, ila tarehe hiyo msiitegemee. Mwaka 2022, kura ikiwa Agosti 9, ukaguzi wa sajili ulianza Mei 4, na hapo usajili ulikuwa umesimama.

SWALI: Mimi ni fundi wa mjengo, saruji imenila vidole. Mashine ikikataa kunitambua? – Msomaji, Kitengela

JIBU: Hupotezi kura. Karani atajaribu vidole vingine. Ndiyo maana wakati wa kusajili vilichukuliwa vyote kumi. Vikigoma vyote, msimamizi wa kituo anaingiza nambari ya kitambulisho kwenye KIEMS, ile mashine ya kutambua wapiga kura, jina na picha yako zinatokea, kisha anajaza Fomu 32A, fomu ya kuthibitisha mpiga kura, mbele ya mawakala wa vyama. Ukiambiwa tu “nenda, mashine imekukataa”, itaje fomu hiyo kwa jina. Nawa mikono na uikaushe vizuri kabla ya kuingia. Vumbi likiziba mistari ya kidole, mashine haioni kitu.

SWALI: Mwaka 2022 nilipiga foleni kwa muda wa saa tatu, kumbe jina langu lilikuwa chumba kingine. Kwa nini watugawe? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Tangu mageuzi ya 2017, kituo kimoja hakiruhusiwi kuzidi wapiga kura 700. Shule yenye watu 1,900 basi hugawanywa vyumba vitatu, kwa alfabeti ya majina, na kila chumba kina sanduku na Fomu 34A yake, ile ya matokeo ya urais. Kwa kuhesabu kura ni afadhali sana. Kwa mwenye kupanga foleni ni balaa, maana orodha hubandikwa mlangoni na wengi hawaisomi. Anzia hapo mlangoni.

SWALI: Niko Doha. Naweza kumchagua gavana wangu? – Msomaji, Qatar

JIBU: Hapana, ni rais pekee. Mwaka 2022 Wakenya walipiga kura katika nchi 12 za nje, Qatar ikiwemo, na waliosajiliwa huko kote walikuwa 10,444 tu. Kama uliwahi kujisajili nyumbani, utahitaji uhamisho kama yule wa Nakuru, na ukishahamia Doha, kura yako ya gavana nyumbani umeiacha.